Bi Jaji na Pointi za Huruma

Sisemi alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Wenye hamu ya nasaba waende msibani, huko ndiko watu wa kwetu wanakoulizana mpaka wanamsahau maiti. Mie nataka kumsema yeye mwenyewe nilivyomjua, na sote tulimjua kwa kazi yake tu: Bi Jaji. Watoto wake walimwita hivyo. Mlinzi wa jumba la maduka, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa maneno hayo mawili, naye alimwita hivyo, tena kwa kusimama. Yu hai, alhamdulillahi, na najua akisomewa haya atayapa pointi, na hazitakuwa nyingi.

Ujaji wenyewe haukuwa wa mahakamani. Alikuwa jaji wa theluji. Najua mtu akisikia hivyo, na akisikia tena kwamba nyumba yake iko Madinat Sultan Qaboos, hapa hapa Muscat, ambako kiyoyozi kikizimika watu wanaanza kutoa shahada, atacheka. Acheke tu. Ujanani aliishi Ulaya miaka mingi, katika mji wa milimani ambako watu huenda kuteleza, na huko akaupenda ule mchezo wa vijana. Sehemu ya mlima inatengenezwa makusudi, inawekwa matuta ya kurukia, vyuma na masanduku marefu ya kupita juu yake, na kijana anashuka, mwengine na ski mbili miguuni, mwengine na ubao mmoja, anaruka, anajizungusha hewani, anatua. Bi Jaji aliruka mpaka magoti yakamkataza. Kisha akaingia kwenye kibanda cha mbao kilichoko chini ya matuta, pamoja na majaji wenziwe, ikawa kazi yake kuwaandikia pointi watoto wa watu. Aliporudi kwetu akakuta jumba la maduka limewekwa ukumbi mzima wa theluji ndani yake, na kilima, na chuma kimoja, na sanduku moja. Alikitazama kile kilima juu mpaka chini, akasema ni kidogo, lakini kinateremka. Haikupita wiki akaanza kufundisha.

Hapo ndipo tulipojuana, kwa sababu ya binti yangu Rahma, aliyekuwa bado skuli. Tulimpeleka siku moja acheze na theluji kama watoto wote, apige picha turudi zetu Sib. Akauona ubao. Basi, mwanangu hakutaka tena pwani, hakutaka tena nguo za Idi, anataka ubao.

Ujaji haukumtoka bibi yule hata akivua viatu vya theluji. Ukimwalika chakula, jua umejiandikisha mashindano. Alikuwa na neno lake moja, "kagusa", na lazima nilieleze, maana maisha yake yote yamekaa juu ya neno hilo. Katika mchezo wao, ukiruka ukatua vizuri lakini mkono ukagusa theluji, umeharibu, pointi zinakatwa. Kwa Bi Jaji kugusa kulikuwa kila mahali. Chapati imeungua ukingoni, imegusa. Mume wangu anaegesha gari, tairi limepanda ukingo wa njia, kagusa. Siku moja tulikwenda harusini Bustan, kwenye ile hoteli kubwa. Bibi harusi kaingia, taa zote kwake, vigelegele juu, na Bi Jaji kaniinamia sikioni: kaingia vizuri, tuone atavyotua. Masikini bibi harusi akakanyaga gauni lake kwenye ngazi ya mwisho, akamdaka shemeji yake mkono. "Kagusa," akasema Bi Jaji, na akaendelea na sambusa yake. Ilibidi nitoke nje nicheke.

Na mtu huyohuyo, aliyeruka matuta makubwa kuliko nyumba, alikuwa haogopi kitu duniani kama ngazi za umeme za madukani. Hapandi, hashuki. Ukumbi wa theluji uko ghorofa ya juu, kwa hivyo yeye ni lifti tu, na siku lifti ilipoharibika alipanda kwa miguu ile njia ya magari, katikati ya joto la mchana, na begi lake la ski mgongoni, magari yanampigia honi. Ndani ya ukumbi kuna mkeka unaokwenda wenyewe kuwapandisha watu kilimani, jamaa kabisa wa ngazi za umeme, na mkeka huo alikuwa akipanda bila ya shida. Nilimuuliza tafauti yake nini. Akaniambia zile za madukani zina meno.

Baridi nayo hakuiweza. Kwangu akija lazima kiyoyozi kizimwe, sisi wengine tukaangike. Chini ya suruali yake ya theluji alikuwa akifunga kanga, kanga kamili na jina lake, na akisema bila ya hiyo kiuno hakifanyi kazi. Akifika kilimani, kabla mtoto yeyote hajapanda, alikuwa akivua glovu na kupitisha kiganja kitupu juu ya chuma na juu ya sanduku, mwanzo mpaka mwisho, polepole, akitafuta penye kukwaruza. Mkono ukitoka hapo umekuwa mwekundu, unatetemeka, anautia kwapani. Nilimwambia mara ngapi kuna wafanyakazi wa kazi hiyo. Alikuwa akijibu kwamba watoto wakianguka itakuwa juu ya neno lake yeye, si la wafanyakazi.

Kusifu alikuwa hajui. Mtoto akifanya kitu cha kukuondoa kitini, yeye atasema "bado". Wazazi wengine walichukia, wakawatoa watoto wao. Mie sikumtoa Rahma, kwa sababu nilimfuma bibi huyu siku moja nyuma ya vizuizi, Rahma anashuka kwenye chuma, naye kashika vidole vyake mwenyewe, anasoma Ayatul Kursi midomo inakwenda mbio. Rahma alipotua, akashusha pumzi, akakunja uso, akasema bado.

Sasa nieleze kikombe. Uani kwake, karibu na kamba ya nguo, palikuwa na kikombe cha fedha, cha mashindano, kina masikio mawili, kimejaa vibanio vya nguo. Kikombe kizuri, kingekuwa changu ningekiweka sebuleni na taa juu yake. Nilimuuliza, akanieleza huku anaanika. Lilikuwa shindano lake la kwanza, kule milimani, msichana peke yake wa rangi yake na kilemba chake. Akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, chini akafikia matako. Mwenye kipaza sauti alikuwa keshawaambia watu kwamba huyu anatoka nchi za mchanga, kwao hakuna hata mvua. Basi umma mzima ukasimama kumpigia makofi, kama unavyompigia makofi mtoto aliyekwenda chooni peke yake. Wakampa kikombe, eti cha ushujaa. Alilia siku hiyo, na wenyeji wakadhani analia kwa furaha.

"Kuonewa nimeshaonewa, mwanangu," akanambia, kibanio kinywani. "Kunauma, kunapoa. Kuonewa huruma ndiko kusikopoa."

Ndiyo maana alikuwa na jambo moja tu alilolitaka katika umri uliobaki, na alilitaja bila ya haya mbele ya kila mtu: amwone mtoto wa kwetu akishuka kwenye uwanja wa matuta wa mlima wa kweli, mbele ya majaji wa kweli, apewe pointi zake. Asionewe, na asionewe huruma. Kushinda hakukutaja hata siku moja.

Kabla sijafika mlimani itabidi nisimame mlangoni, maana jambo lote lilikwama mlangoni. Nyie mnatujua. Watu wetu wawili wakifika pamoja kwenye mlango, hapaingii mtu. Tafadhali. La, tafadhali wewe. Wallahi huingii nyuma yangu. Mume wangu na kaka yake washawahi kusimama mlango wa majlis wanashikana mikono mpaka kahawa ikapoa na mwenye nyumba akatoka kuwavuta. Na katika mambo hayo Bi Jaji alikuwa namba moja. Hajapata kumtangulia mgeni, wala mtoto, wala fundi wa mabomba. Watoto aliowafundisha walikuwa na adabu hiyohiyo, na sisi tukijivunia. Pale ukumbini haikuwa na madhara, maana juu ya kilima husimama mfanyakazi na filimbi, akipiga anashuka mmoja, akipiga tena anashuka mwengine.

Mwaka wa kwanza wa kwenda kushindana nje tukasafiri, watoto wanne, Bi Jaji, na mie kama mama wa kuwasimamia wasichana. Mji wa milimani, nchi ya baridi, sitautaja. Shindano la vijana, kila mmoja anashuka mara mbili, inahesabiwa ile bora. Asubuhi yake kulikuwa na muda wa mazoezi, watoto wote waujaribu uwanja, wajue chuma kiko vipi na matuta yanarusha kiasi gani. Bi Jaji alisimama chini na darubini yake. Mie ubavuni kwake, meno yananigongana.

Wakashuka watoto wa watu. Mmoja, mwengine, mwengine. Wetu hawaonekani. Bi Jaji akasema wanafunga viatu. Wakashuka wengine tena, walewale wa mwanzo wameshapanda na kurudi. Wetu kimya. Bi Jaji akaangalia kwa darubini, akaishusha, akaifuta, akaangalia tena, na nikaona uso unambadilika. Kule juu hakuna mtu wa filimbi. Kule anayetaka kushuka anainua mkono, anapiga ukelele kwamba anaingia, anaondoka, na nyuma yake mwengine. Na watoto wetu wanne wamesimama pembeni, wamepangana, mkono mmoja kifuani, wanawakaribisha watu. Tafadhali, tangulia. Tafadhali na wewe. Watoto wa Kizungu wanawashukuru na kupita. Na pale nafasi ilipopatikana, Rahma akamwambia mwenziwe tafadhali, na mwenziwe akamwambia la, wallahi wewe kwanza. Muda wa mazoezi ukaisha wameshuka mara moja moja tu.

Nilitaka kucheka, wallahi, lakini nilipomtazama Bi Jaji sikuweza. Alikaa juu ya theluji pale pale. Akasema kosa ni lake, kawafundisha kuruka miaka yote ile, hajawafundisha kuingia. Alisema amesahau, kwa sababu kwetu adabu hiyo haionekani, ni kama hewa tu.

Mchana Rahma akashuka shindanoni kwenye uwanja asioujua. Mara ya kwanza akaanguka mwanzo kabisa. Mara ya pili akapita chuma, akaruka tuta la kwanza, akaruka la pili, akatua vibaya, akajishikiza, akafika chini amesimama. Na mwenye kipaza sauti, ndugu zangu, miaka yote ile imepita na bado wanao maneno yaleyale: anatoka jangwani huyu, jamani, jangwani. Watu wakasimama. Makofi hayo. Bango likaonyesha pointi sitini na kitu, mwanangu yuko katikati ya orodha, juu ya watoto waliozaliwa kwenye theluji. Rahma akanirukia shingoni. Nikalia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Bi Jaji hakuwepo. Nilipomtafuta nikamwona anakwenda zake kwenye kibanda cha majaji, kajikaza, fimbo za ski mkononi. Jaji mkuu alikuwa mtu waliyewahi kufanya kazi pamoja, akamfungulia. Walikaa humo, wakairudia picha ya video. Baadaye akatoka, na bango likabadilika. Sitini na kitu ikawa arobaini na kitu. Mwanangu akateremka, akateremka, akabakiwa na mmoja tu chini yake.

Jamani, nilikasirika. Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima, siku ile nilimpandishia, ndani ya hoteli, mbele ya watu. Nilimuuliza ana roho ya aina gani, mtu gani anakwenda kuomba mtoto wake apunguziwe. Hakujitetea. Alisimama tu na kanga yake inachungulia chini ya koti, akasema, "Kagusa. Mkono wa kushoto. Waliona, wakamwachia."

Nilimwambia na wamwachie basi, wamekosa nini. Akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau, si kwa hasira. Akaniuliza kama nataka kikombe cha kutilia vibanio. Nilimnunia mpaka asubuhi.

Asubuhi ni Rahma aliyetupatanisha. Tunakunywa chai, macho yake yamevimba, akasema bila ya kuulizwa: "Mama, niligusa. Mie mwenyewe nilijua niligusa." Kisha akamwomba Bi Jaji ampitishie asali.

Tuliporudi Muscat yakaanza mafunzo ya mlango. Na haya yaliwashangaza majirani wa Madinat Sultan Qaboos, maana waliona kwa macho yao. Bi Jaji aliwakusanya wale watoto nyumbani kwake, akafungua mlango wa mbele, akawaambia kila mmoja ainue mkono, aseme "naingia", aingie, bila ya kumtazama mwenziwe. Atakayesema tafadhali ataosha vikombe vya kahawa. Siku ya kwanza vikombe vilioshwa mpaka vikang'aa kuliko siku viliponunuliwa. Watoto walikuwa wanaona haya, mtoto mmoja alitokwa na jasho. Yeye mwenyewe ilibidi aonyeshe mfano, na hakuweza. Alifika kizingitini, mie nyuma yake nimebeba sahani ya kachori, akageuka akasema, "Tafadhali, mwanangu, una mzigo." Akaosha vikombe, na watoto wakampigia vigelegele.

Kwa Rahma somo likaingia, tena likaingia sana. Siku ya Idi tumefika kwa mamamkwe wangu, ukoo mzima mlangoni, wazee wanakaribishana kama ada, na mwanangu akainua mkono, akasema "Naingia", akapita katikati ya babu zake wote, akaenda kukaa. Mamamkwe akashika kifua. Akaniuliza mtoto huyu analelewa na nani. Nikamwambia analelewa na jaji.

Mwaka uliofuata tukarudi kulekule. Asubuhi ya mazoezi Bi Jaji hakutoa darubini, aliniambia moyo hauwezi, niangalie mie. Nikaangalia. Nikamwona Rahma na koti lake jekundu kasogea mbele ya kundi, kainua mkono, na sauti yake ikatufikia mpaka chini, kwa Kiswahili, maana hakuna aliyemfundisha kwa lugha nyengine: "Naingia." Hakuna aliyeelewa neno, na wote wakampisha. Alishuka mara nyingi asubuhi ile, nikaacha kuhesabu.

Shindanoni hakugusa. Sijui kueleza mambo ya kuzunguka hewani, wenyewe wana majina yake. Ninachojua ni kwamba alipita chuma hakikulia, aliruka la kwanza, aliruka la pili, akatua kwa miguu yote na mikono iko juu, huku koti linapepea. Makofi yakapigwa ya kawaida, kama waliyopigiwa wenziwe. Mwenye kipaza sauti alisema jina lake na nchi yake, basi. Pointi sabini na tatu. Akawa wa tisa. Wa tisa, na kwa namna nilivyovimba kifua ungedhani kaiteka nchi. Nilijivuna, nasema wazi, nilijivuna kwenye ndege, nilijivuna kazini, nilimjivunia hata muuza samaki wa Sib aliyekuwa anataka tu kujua nachukua nguru au changu.

Bi Jaji alikuwa ameandika pointi zake mwenyewe kiganjani, kwa kalamu, kabla bango halijaonyesha. Akanifungulia kiganja. Sabini na mbili. Akasema wamekosea kidogo lakini ni watu wa haki, akanigeuzia mgongo, akajifanya anatafuta glovu. Alikuwa amezibana zote mbili kwapani.

Miaka ikapita. Rahma akaingia chuo kikuu, na pembeni akasomea ujaji wa mchezo huo, akapata cheti. Bi Jaji akapasuliwa goti moja, kisha la pili, na nilipokuwa nikienda kumwona nilimkuta anawapa pointi madaktari. Aliacha kufundisha. Nilianza kumwona amekaa uani muda mrefu bila ya kuanika kitu.

Mara ya mwisho kumwona ukumbini ilikuwa majira ya joto yaliyopita. Palikuwa na shindano la watoto wadogo, kupita sanduku na kuruka kituta kimoja, na Bi Jaji alialikwa kuwavisha medali. Majaji walikuwa wawili, Rahma na kijana mmoja wa Kiomani, kila mmoja na ubao wake mweupe wa kuandikia pointi. Mie nilimsindikiza bibi kwa lifti. Nikageuka kumsalimia mtu, niliporudi nikamkuta amekaa pale wanapogawa viatu, mguu kaunyoosha, na msichana mmoja wa Uganda anayewavisha watu viatu kapiga magoti mbele yake hajui afanye nini.

"Mama, kweli tufunge hizi buti?" anamuuliza. "Daktari alisemaje?"

"Daktari hayupo," Bi Jaji akamwambia. "Kaza ya kushoto."

Nilijaribu kumzuia, alinitazama nikarudi nyuma. Akapanda mkeka na ski zake fupi, mgongo umeinama kidogo. Juu kulikuwa na foleni ya watoto, na walipomwona wakajitenga wote, wakaacha njia nyeupe, mikono vifuani, malaika hao: tafadhali bibi, tafadhali. Akakataa. Akasimama nyuma ya mtoto wa mwisho, akangoja, watoto wakashuka mmoja mmoja, wengine wakipanda kupanga foleni nyuma yake, ukumbi mzima umekwisha kuelewa kinachotokea na simu zote ziko juu. Zamu yake ilipofika mfanyakazi hakupiga filimbi, labda aliona haya kumpigia filimbi mtu mzima. Bi Jaji akainua mkono. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini niliisikia.

"Naingia."

Akashuka. Akapanda sanduku, akalipita lote, polepole, mikono imetanda. Akakifikia kituta, na ski zikaachana na theluji, si sana, lakini ziliachana, mie nina ushahidi. Alipotua goti likamsaliti, akaegemea upande, mkono wa kushoto ukagusa theluji, akajiinua, akafika chini amesimama.

Ukumbi ulipasuka. Vigelegele, filimbi, watu wanalia, mwenye kipaza sauti anapiga kelele mia, mia, mpeni mia. Yule jaji kijana alikuwa keshainua ubao wake, ameandika mia. Watu wote wakamgeukia Rahma. Ubao wake ulikuwa mtupu magotini, kalamu mkononi, na alikuwa anamtazama Bi Jaji peke yake. Nikasema moyoni, mwanangu, tafadhali. Mara hii tu. Akaandika, akainua.

Thalathini na nane.

Makofi yalikatika. Alitokea mtu nyuma yangu akasema huyu msichana hana adabu, na mie natamani ardhi ipasuke inimeze. Bi Jaji hakuwa na miwani. Akasogea mpaka mbele ya meza, akaukaribia ule ubao kwa uso, akausoma.

"Umeona nini?" akauliza.

"Umegusa, Bi Jaji," Rahma akamjibu. "Mkono wa kushoto."

Bibi akautazama mkono wake wa kushoto, glovu ilikuwa bado ina theluji. Kisha akamwomba Rahma ule ubao, akaupokea kwa mikono miwili, akanigeukia nione, akawageukia na watu wote waone, na uso ule uliokuwa ukisema bado miaka yote ukafunguka.

"Hizi sikupewa," akasema. "Hizi zangu."

Rahma akajifuta macho kwa glovu, akachukua ubao mwengine, akamwita mtoto anayefuata.